Muhula wa Nyumba ya Rehani

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ni siku ya hofu kwa watu waliochelewesha madeni ya nyumba zao, kwa kuwa siku hiyo, baina ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, nyumba zilizowekwa rehani hunadiwa hadharani penye jengo la mahakama, au mahali pengine palipotengwa kwa kazi hiyo, na mnadi husimama na karatasi mkononi akasoma maelezo ya kiwanja na ya hati, kisha akapokea bei. Mwenye nyumba aghalabu hayupo. Huenda yuko kazini, huenda yuko jikoni mwake akiwapikia watoto, na kuta zinazomzunguka zimekwisha kuwa mali ya mtu ambaye hajapata kumwona.

Rehani si jambo geni kwetu. Aliyemwona mama akifungua kitambaa na kumkabidhi tajiri bangili zake za dhahabu, ili apate fedha za kumwuguza mtoto, ameiona asili ya jambo hili: mali hushikwa, fedha hutolewa, na siku ya ahadi ikifika bila ya malipo, mali huuzwa. Tofauti ya rehani ya nyumba ni kwamba mkopaji huishi ndani ya kitu kile kile alichokiweka dhamana, na huko Marekani huishi humo akilipa kila mwezi, mara nyingi kwa miaka 30. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga ya nyumba yana taratibu zake. Kwa kawaida kampuni inayosimamia mkopo hairuhusiwi na kanuni za serikali kuu kuanza hatua ya kuinyang'anya nyumba mpaka mdaiwa apitishe siku 120 akiwa nyuma ya malipo. Baada ya hapo njia hugawanyika. Katika majimbo kama New York na Florida, mdai hana budi kwenda mahakamani, akafungua madai, akangoja hukumu na amri ya kuuza. Lakini katika majimbo kama Texas na Georgia, kwa mikopo mingi ya kununulia nyumba, hati ya rehani yenyewe humpa mdai idhini ya kuuza bila ya kumwona hakimu, madhali ametimiza masharti ya notisi. Huko Texas mdaiwa hupewa siku zisizopungua 20 za kulipa malimbikizo, kisha tangazo la mnada hutolewa siku 21 au zaidi kabla ya ile Jumanne.

Maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020, maduka yakafungwa, hoteli zikabaki tupu, na watu waliokuwa wakilipa bila ya kukosa wakajikuta hawana mshahara, Bunge la Marekani liliona hatari mbili kwa pamoja: ya kwanza, kurudi kwa msiba wa mwaka 2008 na miaka iliyofuata, ambapo mamilioni ya jamaa walipoteza nyumba zao, na ya pili, kuwatoa watu majumbani katika wakati ule ule ambapo watu wengi wameamrishwa wakae ndani. Kwa hiyo sheria iitwayo CARES, iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020, ilisimamisha unadi wa nyumba kwa siku 60 tangu tarehe 18 Machi, na ilitaja waziwazi mambo yaliyokatazwa: kuanza kesi au utaratibu wo wote wa kuinyang'anya nyumba, kuomba hukumu au amri ya kuuza, kuiuza nyumba, na kumtoa mtu ndani ya nyumba iliyokwisha kuuzwa. Muda huo uliongezwa tena na tena na idara zinazohusika, mpaka katazo la kunadi lilipokoma tarehe 31 Julai 2021.

Walakini mwavuli huo haukumfunika kila mtu. Uliwafunika wenye mikopo inayodhaminiwa au kushikwa na taasisi za serikali kuu, kama ile ya idara ya bima ya mikopo ya nyumba (FHA), ya idara ya askari wastaafu, ya idara ya kilimo, na ile iliyonunuliwa na mashirika ya Fannie Mae na Freddie Mac. Na ingawa mikopo hiyo ni sehemu kubwa ya mikopo yote ya nyumba nchini humo, waliosalia nje walitegemea sheria ya jimbo lao au hiari ya benki. Nyumba zilizoachwa tupu na kutelekezwa nazo hazikuhifadhiwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mkopaji wa kawaida hajui mkopo wake umo mikononi mwa nani, kwa sababu barua ya kila mwezi huandikwa jina la kampuni inayokusanya fedha, nayo mara nyingi si mwenye deni. Ilimpasa apige simu aulize, au atafute katika kurasa ambazo Fannie Mae na Freddie Mac wameziweka katika intaneti.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nami naomba msomaji asipite haraka. Sheria ile ilifungua milango miwili, na watu wengi waliuona mmoja tu. Mlango wa kwanza, ule wa kusimamisha mnada, ulikuwa wazi wenyewe: mdaiwa hakuhitaji kuomba. Mlango wa pili, ule wa kuahirisha malipo, ulikuwa na komeo, na komeo lake halikufunguka ila kwa ombi. Mkopaji aliyehifadhiwa na sheria alikuwa na haki ya kuahirishiwa malipo kwa siku 180, na kuongezewa 180 nyingine, na baadaye baadhi ya wakopaji walifikishwa hata miezi 18. Na hakutakiwa ithibati yo yote isipokuwa kauli yake mwenyewe kwamba amepatwa na dhiki kwa sababu ya maradhi. Akishakubaliwa, hakutozwa faini wala riba zaidi ya ile ambayo ingehesabiwa kama angelipa kwa wakati. Yule aliyekaa kimya, akidhani kwamba kwa kuwa mnadi hasimami basi na deni limesimama, alihesabiwa kuwa ni mkosaji wa malipo mwezi baada ya mwezi, hali mlango ulikuwa hatua moja mbele yake.

Tuchukue mfano wa mtu anayelipa dola 1,500 kwa mwezi. Ameomba, ameahirishiwa mwaka mzima, na siku ya mwisho anadaiwa dola 18,000 juu ya malipo yake ya kawaida. Je, atazipata wapi kwa siku moja? Katika mikopo ile ya serikali kuu hakulazimishwa kuzitoa kwa mkupuo. Aliweza kuzigawa kidogo kidogo juu ya malipo ya kila mwezi, au kuzisogeza hadi mwisho wa mkopo zisubiri siku ya kuuza nyumba au kumaliza deni, au kuomba mkataba wenyewe uandikwe upya kwa malipo mepesi. Mikopo ya FHA ilikuwa na njia ya malimbikizo kuwekwa kando kama deni la pili lisilo na riba. Lakini hata njia hizi zilitaka mtu aseme, ajaze karatasi, ajibu simu.

Na tarehe 31 Julai 2021 ilipopita, mlango wa minada haukufunguliwa kwa kishindo. Kanuni mpya, iliyoanza tarehe 31 Agosti na kuendelea hadi mwisho wa mwaka ule, iliziagiza kampuni kwamba, kwa wadaiwa wengi walioangushwa na janga, zisianze hatua ya kunyang'anya nyumba mpaka ombi la mkopaji la kusaidiwa liwe limekwisha kuangaliwa kwa ukamilifu, au nyumba iwe imetelekezwa, au mkopaji awe ametafutwa na hakujibu. Sababu hiyo ya tatu ni tanbihi kubwa: ukimya wa mdaiwa ulihesabiwa kuwa ni ruhusa. Basi kwa jamaa zetu wasemao Kiswahili waliohamia Marekani na kununua nyumba huko, nasaha ni hii: barua ya benki isilale mezani bila ya kufunguliwa, na msaada utafutwe kwa washauri wa nyumba walioidhinishwa na serikali, ambao kwa mdaiwa aliye katika hatari ya kunyang'anywa nyumba hawatozi ada, na anayedai alipwe kwanza ndipo aiokoe nyumba ni wa kuepukwa.

Wako watakaouliza kama ni insafu serikali kuingilia mkataba wa watu wawili. Swali hilo liliulizwa katika mashaka makubwa ya uchumi ya karne iliyopita, pale jimbo la Minnesota lilipotunga sheria, mwaka 1933, ya kurefusha muda wa kuikomboa nyumba iliyonadiwa. Mume na mke wa mji wa Minneapolis, waliokuwa na nyumba ya vyumba 14, wakikaa katika sehemu yake na kuipangisha iliyobaki, waliongezewa muda hadi Mei 1935, na kadhia yao ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako mwaka 1934 majaji 5 dhidi ya 4 waliikubali sheria ile, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Charles Evans Hughes. Walakini wawili wale hawakukaa bure: iliamriwa walipe dola 40 kila mwezi, ziende katika kodi ya serikali, bima, riba na deni lenyewe.

Katika dola 40 zile imo maana kamili ya neno letu muhula. Sheria ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeishi nayo karne nyingi, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki ya kweli. Hukumu ya Minneapolis ilifika penye jambo hilo hilo kwa njia yake. Dawa ya deni ni kulipa, na muhula haujapata kuigeuza dawa hiyo. Kazi yake ni kumweka mgonjwa hai, ndani ya nyumba yake na watoto wake, mpaka apate nguvu ya kuinywa. Na mgonjwa naye ana wajibu wa kumwita tabibu.