Nyumba Moja, Mtandao Mmoja: Waifai Isiyokatika Kutoka Sebuleni Hadi Jikoni

Mwaka 2009 waya wa baharini uitwao TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Urefu wake ni takriban kilomita 5,000. Tangu waya huo na wenzake walipofika, sauti ya kijana aliyeko Ghuba kwa kazi humfikia mamake huku pwani kabla hajapepesa jicho. Lakini safari hiyo ndefu mara nyingi hukatika katika hatua ishirini za mwisho. Mama huinuka sebuleni, simu mkononi, kwenda kuepua chungu. Sauti huanza kukwaruza, picha huganda, na afikapo jikoni mazungumzo yamekwisha. Bahari imevukwa, ukuta umeshinda.

Familia nyingi zikifikwa na tatizo hili hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Fedha hutoka kila mwezi na jikoni hapabadiliki kitu, kwa kuwa kasi inayoingia mlangoni haiyapi mawimbi nguvu ya kupenya kuta. Kinachohitajika ni vituo vya waifai zaidi ya kimoja, vilivyopangwa ili simu ihame kutoka kimoja hadi kingine pasi na mwenye simu kutambua. Jambo hili linawezekana katika nyumba ya kawaida, na mama mwenye nyumba hana haja ya kuwa fundi ili alisimamie.

Kuta zetu na mawimbi

Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene mno. Unene huo hutuletea ubaridi mchana wa kaskazi, lakini huyameza mawimbi ya waifai, hasa ukuta unapokuwa umenyonya unyevu. Nyumba mpya nazo zina adui wao: zege lenye nondo, ambalo huyazuia mawimbi kati ya ghorofa moja na nyingine.

Ruta ya kisasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta kwa nafuu, ila ni ya polepole na yamejaa mawimbi ya majirani. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini huchoka upesi yakutanapo na ukuta. Ndiyo maana simu huweza kuonyesha kasi nzuri ukumbini na ikazimika kabisa chumba cha tatu.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Ruta huwekwa pale waya wa kampuni unapoingilia, yaani karibu na mlango wa mbele, walipo wageni na kiti cha baba. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini nyumba zetu zimepangwa kwa namna ambayo vyumba vya ndani ndivyo vya faragha, na katika nyumba nyingi za kale za Lamu jiko liko juu kabisa, karibu na dari. Kwa hiyo mtandao hudhoofika kadiri unavyoelekea kwa wanawake wa nyumba: chumba cha bibi asiyeweza kushuka ngazi, pembe anapodurusu binti, na jiko ambako mama husikiliza darsa huku akikanda unga. Kila mwezi hulipia nyumba nzima, na nusu ya nyumba haipati.

Anayeamua kuhama ni simu

Wengi hudhani kwamba vituo vya waifai ndivyo vinavyokabidhiana simu. Sivyo. Vituo huweza kushauri tu. Simu yenyewe ndiyo huamua ihame lini na iende wapi. Na simu ni king'ang'anizi: hukishika kituo ilichokizoea hata baada ya kupita kingine chenye nguvu zaidi.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, kwa namba za hasi. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo bora. Kampuni ya Apple imeeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine pale nguvu inaposhuka chini ya hasi 70. Simu za aina nyingine zina viwango vyao. Kazi ya mwenye nyumba, basi, ni kuipa simu sababu ya kukiacha kituo cha zamani kwa wakati ufaao, na kuhakikisha kwamba kituo kipya kinasikika vizuri kabla cha kwanza hakijafifia.

Ripita ndogo zinazochomekwa ukutani hazitimizi hayo vyema. Nyingi hupokea na kutuma kwa redio ile ile, hivyo kasi hupungua kama nusu. Nyingine huanzisha mtandao wenye jina jipya, na simu huung'ang'ania ule wa kwanza hadi ukatike kabisa.

Mambo ya kupanga

La kwanza ni utambulisho. Vituo vyote viwe na jina moja la mtandao, neno la siri moja na aina moja ya ulinzi, WPA2 au WPA3. Herufi moja ikitofautiana, simu huvihesabu kuwa ni nyumba mbili.

La pili ni uongozi. Ruta moja tu ndiyo igawe anwani za mtandao kwa simu na kompyuta. Mtu anapochukua ruta ya zamani na kuifanya kituo cha pili, hana budi kuizima kazi hiyo na kuiacha iwe kituo cha kupitishia tu. Asipofanya hivyo, simu ikihama hupewa anwani mpya na mazungumzo hukatika papo hapo, hata kama mawimbi yamejaa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

La tatu ni waya. Kila kituo kiunganishwe na ruta kuu kwa waya wa mtandao, ambao huweza kufika mita 100 bila kudhoofika. Fundi atumie waya wa shaba halisi, si wa alumini iliyopakwa shaba, na viungio vya nje vifunikwe dhidi ya hewa ya chumvi, ambayo hula chuma na shaba. Waya huo huo huweza kubeba na umeme wa kuendesha kituo. Faida yake ni kwamba betri moja iliyowekwa pamoja na ruta huviweka vituo vyote hai umeme unapopotea. Pasipowezekana kutoboa ukuta, vifaa viitwavyo meshi huunganishwa kwa mawimbi. Hivyo viwekwe mahali vinaposikilizana vizuri, kwa mfano kwenye ngazi au milango inayotazamana. Meshi iliyofichwa nyuma ya ukuta wa matumbawe haimsaidii mtu.

La nne ni chaneli. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 pekee ndizo zisizoingiliana. Vituo vitatu vipewe chaneli hizo tatu, kila kimoja yake, visije vikapigiana kelele.

La tano huwashangaza wengi: nguvu ya vituo ipunguzwe. Kituo kinachopiga mawimbi kwa nguvu zote huivuta simu hata iliyo mbali, ikabaki nacho badala ya kuhama. Zaidi ya hayo, simu husikia kituo kikubwa lakini sauti yake ndogo haifiki huko, mithili ya mtu anayemsikia mwadhini kwa kipaza sauti lakini hawezi kumjibu kwa mdomo. Anza kwa kupunguza masafa ya 2.4, kisha upime.

La sita ni usaidizi. Vituo vingi vya sasa vina viwango vitatu vijulikanavyo kwa herufi K, V na R. Cha K huipa simu orodha ya vituo jirani, cha V huishauri ihamie kipi, na cha R hufupisha kazi ya kujitambulisha upya. Washa K na V kwanza. R huweza kukataliwa na simu kongwe au printa ya zamani. Ikitokea hivyo, izime bila wasiwasi.

Namna ya kupima

Kipimo cha haki ni mguu. Piga simu ya picha, kisha tembea polepole kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, upande ngazi, ukae chumba cha mwisho, na urudi. Zipo programu za bure za simu za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba. Mahali pa kuvukia, kwa kawaida mlangoni au kwenye ngazi, vituo vyote viwili vionyeshe karibu na hasi 67. Pakiwa hasi 80, sogeza kituo; usikimbilie kununua kingine. Fundi naye asilipwe malipo ya mwisho kabla ya matembezi hayo, nawe uwe umeshika simu.

Malezi na wageni

Mtandao mmoja hurahisisha na malezi. Nyumba ikiwa na mitandao miwili au mitatu isiyojuana, saa ya kulala iliyowekwa kwenye ruta kuu humshika mtoto aliye sebuleni na kumwachia aliye chumbani. Vikiwa chini ya uongozi mmoja, kanuni huwekwa mara moja na kufuata simu popote iendapo. Vivyo hivyo kwa wageni: siku ya harusi au ya arubaini, wape mtandao wa wageni wenye jina na neno la siri lake, utakaofungwa shughuli ikiisha. Mtandao wa nyumba ubaki na wenyewe.

Gharama si ndogo kwa kila mtu, hivyo si lazima kufanya yote kwa siku moja. Lakini mpangilio wa kuanza ni muhimu. Kituo cha kwanza cha kuongeza kisiwekwe ukumbini ambako mawimbi tayari yapo. Kiwekwe ndani, karibu na bibi, daftari za watoto na jiko, kwa kuwa huko ndiko waliko waliokuwa wakilipiwa mtandao bila kuupata.