Ndai Iko Chini, Tairi Inalia

Kinanira hii sauti inajulikana. Ndai imeshushwa fiti, rimu zinang'aa, ngoma inagonga, halafu dere anakata kona kuingia kwa geti na tairi inatoa mlio, krrrr, mbogi yote inageuza shingo. Amechoma picha na hata hajashuka. Kesho yake utampata na nyundo, anagonga fenda ipanuke.

Manze, weka hiyo nyundo chini kwanza. Fenda haijakosea mtu. Gurudumu ndio linafika mahali halikufaa kufika, na kitu inaamua lifike wapi ni springi, shokapu, bushi na mikono ya chini. Ukipanua fenda bila kugusa hizo, umenunua kimya ya wiki mbili tu.

Cheki mtaa wenyewe. Kinanira iko kusini mwa Bujumbura, Kinindo upande wa ziwa na Musaga upande wa mlima. Ukishatoka lami unapatana na mawe na vumbi, na maji ya mvua yakishuka kutoka milimani yanachimba njia venye yanataka. Geti mob ziko na mtaro mbele na kaslabu ka simiti juu yake. Ndai iliyoshushwa ikipanda hiyo slabu moja kwa moja inaacha bampa hapo, kwa hivyo dere anaingia mshazari, gurudumu moja likitangulia. Sasa usukani umekatwa karibu mwisho, gurudumu moja limebeba kona nzima ya gari, na nyuma kumejaa wasee watatu, maana mafuta imekuwa noma Burundi miaka hii na ndai yenye imepata tanki haitembei tupu. Hakuna pahali tairi inabanwa kuliko hapo. Ndio maana unaweza enda Rumonge na kurudi bila neno, ufike nyumbani ianze kulia.

Kuna kingine watu hawakifikirii. Ndai nyingi za hapa zimetoka Japani, usukani uko kulia, na Burundi tunaendesha kulia. Dere amekaa upande wa mtaro. Akiwa solo, uzito wake umelalia kulia na sikio lake liko kulia. Akibeba watu, kushoto nako kunaanza kukwaruza na haskii kitu. Usiamini sikio, buda. Chukua chaki, paka ndani ya mdomo wa fenda na kwa ile plastiki ya ndani, pande zote mbili, kisha uzunguke mtaa na watu ndani. Chaki ikifutika kwa mdomo wa fenda na bega la nje la tairi limechubuka, ndai inazama sana au rimu imetoka nje sana. Ikifutika kwa plastiki, mbele au nyuma ya gurudumu, ni wakati wa kukata usukani. Na tairi ikiwa na mkwaruzo ukuta wa ndani, angalia shokapu na chuma cha stabilaiza, fenda haimo kabisa.

Turudi kwa springi, kwa sababu hapo ndio wasee wengi wanadanganywa. Springi ikikatwa inakuwa ngumu kiasi, hiyo si mbaya. Balaa ni ile ya kukatwa na moto wa gesi: chuma kinapoteza nguvu, na ndai inazidi kushuka bila ruhusa yako. Alafu ile ncha iliyokatwa haikai sawa kwa kikombe chake. Inua gari na jeki uone springi ikicheza yenyewe. Hata ikikatwa vizuri na grainda, shokapu ni ile ya kitambo, imebakiwa na kanjia kafupi ka kushuka.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme springi ya mbele inazama milimita 1 kwa kila kilo 2. Ukiingia kwa slabu na kilo 100 zaidi ziangukie gurudumu moja, linapanda karibu milimita 50 ndani ya fenda. Weka springi ya kilo 4 kwa milimita, linapanda 25. Hizo 25 ndizo ulikuwa unatafuta na nyundo. Mgongo wako utalipa kiasi kwa yale mawe, lakini ndai inabaki chini na haiguswi.

Ukiwa na ganji, tafuta zile shokapu za nyuzi zenye unazungusha ring'i kupandisha ama kushusha. Chagua zile zinarekebishwa chini, kwa mguu, kwa sababu zinashusha gari bila kula safari ya shokapu. Ganji ikikosa, pandisha ndai sentimita 2. Najua inauma. Lakini hata Japani, kwenye machizi wa shakotan walianza kulaza gari, sheria inataka sentimita 9 kutoka chini. California nayo ilipiga marufuku mwaka wa 1958 gari yenye sehemu yoyote iko chini ya ukingo wa chini wa rimu, na mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwa Corvette yake, ikawa inalala na kuamka akitaka. Jamaa hakugusa fenda; alicheza na kitu inabeba gari.

Kingine ni kulaza gurudumu. Mbele ya Toyota hizi ndogo shokapu inashikwa kwa gurudumu na boliti mbili. Ile ya juu ikitolewa, inaingia nyingine yenye tumbo halijanyooka. Ukiizungusha kichwa cha gurudumu kinaingia ndani. Digrii moja inakupa karibu milimita 5 pale juu. Usizidishe, tairi italika upande wa ndani na mvua ikuumbue. Nyuma ya Toyota Vitz hakuna boliti ya hivyo, ni boriti moja inaunganisha magurudumu mawili, hapo tegemea springi ngumu na raba ndefu ya kuzuia mwisho.

Kabla ya yote hayo, pita Buyenzi kwa mafundi. Mara mob stori inaendanga hivi:

"Mzee, nipatie springi fupi, tairi inakwaruza."

"Springi fupi tena? Kijana, hebu kanyaga breki nione."

Anachungulia chini, anacheka. Bushi za mkono zimekufa. Kila breki ikishikwa gurudumu linarudi nyuma, linabusu plastiki. Ndai ina miaka zaidi ya 20, raba haijawahi badilishwa, na kijana anataka kuishusha tena! Sha, anza na bushi. Ni bei ya chini kuliko zile shokapu za nyuzi, na bila hizo hakuna kipimo kitashika.

Ukibadilisha urefu, boliti ama bushi, peleka alaimenti siku hiyo hiyo. Kushusha gari kunavuta pua za tairi ziangalie vingine, na hiyo inamaliza tairi haraka kuliko digrii zako za kulaza. Beba wasee wanne, paka chaki upya, ingia kwa slabu polepole usukani ukiwa mwisho. Chaki ikibaki, mlipe fundi.