Watoto Wetu na Wahka wa Kufungua Shule

Kila ukaribiapo mwezi wa Januari, maduka ya sare mjini Mombasa yajaapo wazazi na watoto hata pasiwe na pa kutia mguu, nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani huingiwa na wahka ambao wakubwa huutoa kwa mazungumzo ya karo na orodha ya vitu, ilhali watoto, wasiojua kuzungumza hayo, huutoa kwa miili yao: huyu huamka akilalama kwamba tumbo lamsokota, yule hagusi chajio, na wa tatu, aliyekwisha kuzoea kulala peke yake, hurejea kwa siri kitandani pa mamake usiku wa manane. Maumivu hayo si ya uwongo, kama wadhanivyo akina baba wengi. Hofu hukaza tumbo na kuharakisha mapigo ya moyo kweli kweli, na mtoto aambiwaye kwamba anajisingizia hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutosema tena.

Lililo zito zaidi, kwa rai yangu, ni ile kauli iliyozoeleka majumbani mwetu ya kwamba mwenye imani haogopi. Muradi wake ni kheri, lakini mtoto huondoka nayo akiwa na hofu mbili badala ya moja: ile ya shule, na ile ya kwamba huenda dini yake ina upungufu. Waama, Kurani yenyewe, katika Sura ya Twaha, yatupa habari za Nabii Musa alipoamriwa kwenda kwa Firauni, naye, juu ya kuwa mtume aliyesemezwa na Mola wake, hakuuficha uzito wa moyo wake. Aliomba akunjuliwe kifua, asahilishiwe kazi yake na afunguliwe fundo la ulimi, kisha akaomba jambo ambalo wengi wasomao dua hiyo hulipita kwa haraka, nalo ni kupewa nduguye Haruni awe msaidizi wake. Hakukemewa kwa kuingiwa na hofu, alipewa alichoomba. Watoto wetu aghalabu huihifadhi dua hii tangu chuoni, lakini ni wachache walioelezwa kisa chake, na mzazi atakayekaa na mwanawe baada ya Magharibi akamsimulia namna Musa alivyoyataja yaliyomtia hofu, moja baada ya jingine, atakuwa amempa idhini ya kuyataja yake.

Na yakisha kutajwa, mengi huwa siyo tuliyoyadhania. Binti wa Kisauni au Kongowea aliyeitwa shule ya bweni huko bara, hesabu na kemia hazimnyimi usingizi. Kinachomnyima ni kuulizwa mbele ya darasa kwa nini amejitanda mtandio, kukosa mahali pa kutawadha na kuswali Adhuhuri, kutojua nyama ya jikoni imechinjwa na nani, na kutojua kama atapata daku, maana Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, miaka hii yaangukia muhula wa kwanza. Hofu hizi si ndoto. Suala la hijabu, katika kesi iliyohusu shule moja ya Isiolo, lilifika Mahakama ya Rufani, iliyowapa wasichana haki mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi. Ni kweli kwamba Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 chamhakikishia kila mtu uhuru wa dini, lakini si haki kumtaraji mtoto wa miaka kumi na minne aingie peke yake ofisini kwa mwalimu mkuu kuutetea uhuru huo. Kazi hiyo ni ya mzazi, na wakati wake ni kabla ya siku ya kuripoti: aulize kwa staha, apate jibu la wazi kuhusu swala, chakula na mavazi, na amwambie bintiye jibu hilo hata likiwa si zuri, kwani lijulikanalo halitishi kama la kubuniwa gizani. Kisha amtafutie Haruni wake. Mitaani mwetu hakukosekani binti wa kidato cha juu asomaye shule hiyo hiyo au ya jirani. Waalikane likizoni, wakae barazani, na wakubwa wawaondokee.

Kwa wadogo waendao shule na kurudi, tadbiri ni nyepesi: walazwe mapema juma zima kabla ya kufungua, waamshwe kwa swala ya Alfajiri, na siku ya kwanza langoni kuaga kuwe kufupi. Kumbakiza nyumbani kwa huruma kila aliapo humtuliza kwa siku ile tu, na kesho yake lango huonekana kubwa zaidi.

Wapo mabibi watakaomnywesha mtoto kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, na wapo maulamaa wasioliafiki. Mjadala wao siuingilii. Nilionalo ni kwamba bibi anayekaa na mjukuu wake saa nzima akimsomea, mkono wake u kichwani pake, amefanya zaidi ya wengi wetu. Lakini ikiwa wiki kadhaa zimepita na mtoto bado hali, halali, au akataa katakata kuvaa sare, apelekwe kwa daktari au mshauri nasaha bila ya kuona haya, na bibi aendelee kumsomea.