Aliyeingia na Aliyekwama: Ngome ya Tovuti Inavyowatofautisha

Oktoba 2023, kampuni ya Marekani ya 23andMe, inayopima vinasaba na kuwaunganisha wateja na ndugu zao wa mbali, ilitangaza kwamba taarifa za wateja wake zilikuwa zimechukuliwa. Wezi hawakuhitaji kubomoa chochote. Walipitia mlangoni kama wateja wengine. Walikusanya majina na nywila zilizovuja katika tovuti nyingine, wakazijaribu kwenye ukurasa wa kuingilia, na kila mteja aliyekuwa akitumia nywila moja kila mahali akaunti yake ikafunguka. Akaunti zilizofunguka hivyo zilikuwa kama 14,000. Kwa kuwa mteja aliyekubali kuunganishwa na ndugu zake aliweza kuona taarifa za ndugu hao, akaunti hizo chache ziliwafikisha wezi kwenye taarifa za watu wapatao milioni 6.9.

Mashambulizi yalianza Aprili mwaka huo na kuendelea hadi Septemba. Juni 2025, ICO, mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza, iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 2.31. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni kukosekana kwa mifumo madhubuti ya kufuatilia na kugundua vitisho vya aina hiyo.

Kugundua ndiko kugumu. Mbele ya tovuti nyingi huwekwa ngome, yaani programu inayokagua kila ombi kabla halijafika kwenye seva. Ngome hiyo ni hodari wa kunasa maombi yenye hila ndani yake, kwa mfano amri za kuchokoa hifadhidata zilizofichwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Lakini ombi lenye jina na nywila ya wizi halina hila yoyote ya kuonekana. Limekaa sawasawa na la mteja halali. Ngome ya namna hiyo ni kama bawabu anayehesabu wanaobisha hodi bila kugeuka kuangalia nani kafunguliwa.

Kwa hiyo ngome za siku hizi hufundishwa kugeuka. Amazon iliongeza kwenye ngome yake, AWS WAF, ulinzi wa kurasa za kuingilia mwaka 2022 na wa kurasa za kufungulia akaunti mwaka 2023. Kampuni ya F5 nayo, katika ngome yake, inamruhusu mhandisi kueleza dalili za kuingia kulikofanikiwa. Zote zina wazo moja: ngome isome pia jibu ambalo tovuti inamrudishia mtumiaji.

Tatizo ni kwamba ngome haizaliwi ikijua jibu la kila tovuti lilivyo. Lazima iambiwe. Mhandisi huanza kwa kuonyesha njia ya ukurasa, tuseme /ingia, na majina ya visanduku vya jina na nywila. Kisha hueleza kufaulu kunafananaje na kukwama kunafananaje, na hapo ndipo wengi huteleza.

Kanuni za mtandao zina misimbo yake: 200 kwa jambo lililokwenda sawa, 401 kwa aliyeshindwa kuthibitisha utambulisho wake. Tovuti ingefuata kanuni hizo, kazi ingekwisha kwa mistari miwili. Lakini tovuti nyingi, mtu akikosea nywila, humrudishia ukurasa uleule wenye maandishi mekundu, na msimbo ukabaki 200. Akipatia, hupewa 302 na kupelekwa ukurasa mwingine. Mhandisi aliyeandika kwa mazoea kwamba 200 ni kufaulu atakuwa ameigeuza hesabu yote: mdukuzi aliyekosea mara elfu moja ataonekana mteja mwema aliyeingia mara elfu moja.

Pale msimbo usipotosha, ngome inaweza kutazama vichwa vya jibu, sehemu fulani ya jibu la JSON, au maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Maneno nayo yana mtego wake. Tovuti yenye Kiswahili na Kiingereza humwambia mmoja “Nywila si sahihi” na mwingine “Invalid password”. Ngome iliyopewa sentensi ya Kiingereza peke yake haitamhesabu kabisa anayekosea kwa Kiswahili. Vilevile, siku timu ya usanifu ikibadilisha “si sahihi” kuwa “imekosewa”, ulinzi unazimika kimyakimya bila kengele yoyote kulia.

Ikishajua tofauti, ngome huhesabu. Hesabu hiyo ina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi huingia mtandaoni kwa simu, na kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Ukizuia anwani kwa sababu tu imebisha hodi mara nyingi, utawafungia nje watu wasio na hatia. Kuhesabu waliokwama kuna haki zaidi, maana wateja wa kawaida, hata wakiwa mia, wengi wao hupatia.

Wadukuzi nao wana mbinu. Hugawa majaribio kwenye anwani nyingi. Wengine hufungua akaunti yao halali na kuingia nayo kila baada ya makosa mawili, kwa kuwa baadhi ya mifumo hufuta hesabu ya makosa mtu akifaulu mara moja. Dawa ni kuhesabu pia kwa jina la mtumiaji na kwa kifaa, na kutokufuta hesabu ya anwani kwa ajili ya kufaulu kumoja.

Kwenye kufungua akaunti mambo hugeuka: hapa kinachotisha ni kufaulu. Akaunti mia mpya kutoka kifaa kimoja ndani ya dakika chache huenda ni roboti zinazowinda zawadi za wateja wapya, au zinazoilazimisha tovuti kutuma SMS za uthibitisho ambazo matapeli hupata mgawo wa malipo yake. Elon Musk alidai mwaka 2022 kwamba Twitter ilikuwa ikipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa ulaghai wa SMS.

Ngome peke yake haitoshi. Novemba 2023, 23andMe iliwalazimisha wateja wote kutumia uthibitisho wa hatua mbili, na hatua hiyo humkwamisha mwizi hata akiwa na nywila sahihi. Lakini mwenye tovuti anaweza kuanza leo kwa jaribio lisilo na gharama: aingize nywila ya uongo kwenye tovuti yake mwenyewe, atazame msimbo na maneno yanayorudi, kisha aulize kama ngome yake imehesabu kosa hilo. Ikiwa haikuhesabu, basi na ya wadukuzi haiyahesabu.