Mwendesha Baiskeli na Upepo (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumza juu ya viungo vya baiskeli na namna ya kuvitunza. Leo twaingia katika jambo ambalo vijana wa Bujora na Kisesa, wake kwa waume, wanaojitayarisha kwa mashindano ya Kanda ya Ziwa huulizana mara kwa mara: je, mtu akikanyaga pedeli chumbani, juu ya baiskeli isiyokwenda popote, hupata faida ile ile aipatayo katika barabara kuu iendayo Magu na Musoma? Swali hili lina uzito, maana barabara hiyo ina mabasi na malori mengi, na atokaye alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda shamba huiweka roho yake mikononi mwa madereva asiowajua.

Wengi hudhani kwamba kuendesha mahali pamoja ni uzushi wa matajiri wa mijini, ilhali sote tumemwona mnoa visu. Huyu huisimamisha baiskeli yake juu ya stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likainuka juu ya ardhi, akakaa akakanyaga, na ukanda ukalizungusha jiwe la kunolea lililofungwa mbele yake. Mtazame vizuri: maadamu panga halijagusa jiwe, miguu yake huzunguka bila taabu yoyote, lakini mara tu alikandamizapo panga, cheche zikaruka, mnyororo hukaza, mapaja hutuna, na pumzi hubadilika. Gurudumu lizungukalo hewani bila kizuizi halimjengi mtu. Shurti pawe na kitu cha kulipinga, na vile vifaa vya sumaku vya kuendeshea baiskeli chumbani, viuzwavyo kwa bei kubwa, havifanyi ila kazi ya lile panga.

Barabarani mpinzani huyo ni upepo. Aongezaye mwendo kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 30 huhitaji nguvu zaidi ya mara tatu ili kuipasua hewa, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Lakini upepo huohuo umpingao ndio umtunzao. Katika kila sehemu nne za nguvu iunguzwayo na mwili, takriban tatu hugeuka joto, na moja tu ndiyo ifikayo kwenye pedeli. Yaani atoaye wati 200 kwa miguu yake huzalisha joto la wati 600 hivi, ambalo halina budi kumtoka. Njiani hewa ipitayo hukausha jasho, na jasho likikauka huondoka na joto; chumbani jasho hudondoka sakafuni kabla ya kufanya kazi yake, moyo ukapiga mbio zaidi kwa kazi ile ile, na mtu akadhani amejitahidi sana, kumbe amepata harara tu. Wako waendesha baiskeli wa Ulaya ambao huzima feni makusudi wanapojitayarisha kwenda nchi za joto. Sisi tuliozaliwa kandokando ya Ziwa hatuna haja hiyo.

Wala sisemi kwamba chumba hakina heshima yake. Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mwishoni mwa Februari 2016, akafanya mazoezi ndani ya nyumba juma baada ya juma, na tarehe 10 Aprili akashinda Paris–Roubaix, mashindano ya zaidi ya kilomita 250 yapitayo juu ya mawe. Hata hivyo msomaji asisahau kwamba Hayman alikuwa amekwisha kuyashiriki mashindano hayo zaidi ya mara kumi. Chumba kilimhifadhia nguvu, lakini ujuzi wa mawe yale alikuwa nao tangu zamani. Kujificha nyuma ya mwenzako, jambo liokoalo robo ya nguvu au zaidi, hakufundishwi chumbani, wala kukata kona penye mchanga, seuze kuzisoma nia za washindani. Watu wa Bujora hawahitaji kuelezwa sana hapo, kwani vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni, mchezaji hodari hujulikana uwanjani, mbele ya mpinzani na umati.

Basi shauri langu ni kwamba msingi uwe barabarani, alfajiri, kabla upepo wa Ziwa haujapata nguvu na magari hayajawa mengi. Na chumba kiwe cha siku za mvua, au cha kazi fupi nzito, kama vile dakika nne za kukanyaga kwa bidii na nne za kupumzika, mara tano, madirisha yakiwa wazi. Asiye na kifaa aweza kuitumia stendi na kuibana breki ya nyuma kiasi, mradi ajue kwamba raba zitalika upesi na rimu itapata moto. Na stendi iliyolegea asithubutu kuitumia kabisa.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza juu ya maji na chakula cha safari ndefu.