Boya la Tanki na Maji ya Usiku

Katika magofu ya Husuni Kubwa, juu ya genge la Kilwa Kisiwani linalotazama bahari, lingalipo birika la pembe nane ambalo kila mgeni husimama kulitazama. Jumba hilo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Maji ya kulijaza birika hilo yalitekwa na kubebwa kwa mikono ya watu. Misikiti mingi ya zamani ya mwambao nayo ilikuwa hivyo: kisima hapa, birika la kutawadhia pale, na mfereji mfupi katikati wa kupitishia kile kilichomiminwa kwa ndoo. Birika la namna hiyo halikuhitaji kitu cha kuzuia maji yasifurike, kwa sababu mteka maji mwenyewe ndiye aliyekuwa koki. Akiona yamefika ukingoni, anaweka ndoo chini. Boya la tanki, lile puto la plastiki au shaba linaloelea ndani ya simtanki na ndani ya tangi la choo cha kuflashi, ni kifaa cha hali nyingine kabisa: maji yanayokuja yenyewe, wakati mwenye nyumba hayupo au amelala.

Katika ukanda wa Lindi, ambako nyumba nyingi zimezoea maji ya mgao, ni rahisi kufikiri kwamba boya ni anasa ya miji yenye maji usiku na mchana. Maji yenyewe ni ya kuyangojea, utayazuia ili iweje? Lakini hebu tulinganishe. Mji ambao bomba halikauki, tanki limejaa karibu siku zote. Mtu akichota ndoo, boya linashuka vidole viwili, linajaza pengo, linafunga. Likiharibika, maji yatamwagika mchana kweupe na mtu atayasikia. Penye mgao, tanki hukaa tupu au nusu, kisha maji hufika kwa mkupuo saa nane ya usiku, yakiwa na presha kubwa kwa kuwa hakuna anayechota, na yanaendelea mpaka alfajiri. Chukua bomba linalotoa lita 10 kwa dakika, kiasi cha kawaida kabisa. Tanki likijaa saa tisa na maji yakakatika saa kumi na mbili, lita 1,800 zimekwenda mchangani, yaani karibu yuniti mbili za mita, ilhali mwenye nyumba hakuzigusa. Kwa hiyo kadiri ratiba ya maji isivyotabirika ndivyo boya linavyohitajika zaidi. Na kulifunga tu hakutoshi. Kazi yote iko katika kulipimia urefu wake sawasawa.

Ili kuona kwa nini urefu huo ni jambo la kupimwa, inafaa kukitazama chombo chenyewe kwa hesabu. Ni wenzo wa kawaida wa darasani: egemeo kwenye koki, mkono mrefu upande mmoja, na upande wa pili kipande kifupi kinachosukuma mpira wa kuziba tundu. Boya la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 11 lina ujazo wa karibu lita 0.7. Likizama nusu, linakuwa limesogeza maji ya gramu 350, na kwa kanuni ya Archimedes maji yanalisukuma juu kwa nguvu hiyo hiyo. Mkono ukiwa sentimita 30 na kipande kifupi sentimita 2, nguvu inazidishwa mara 15, tunapata msukumo wa kilo tano hivi juu ya mpira, ukitoa kidogo kwa ajili ya uzito wa boya na mkono wake. Sasa tazama upande wa bomba. Maji yanayoshuka kutoka kimo cha mita 30 yana presha ya kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye tundu la milimita 6 yanasukuma kwa nguvu isiyofika kilo moja, na boya linashinda bila jasho. Kwenye tundu la milimita 12 nguvu inafika kilo 3.4, kwa sababu kipenyo kikizidishwa mara mbili, eneo linazidi mara nne. Ndiyo maana koki mbili zinazofanana dukani zinaweza kutofautiana kabisa kazini, na fundi mzuri huchungulia tundu kabla ya kuulizia bei.

Hesabu hiyo ina mkia ambao ni nadra kuzungumzwa. Presha ikipanda, boya linalazimika kuzama zaidi ndipo lipate nguvu ya kufunga, na kuzama zaidi maana yake ni kwamba maji yamepanda. Kwa koki ya tundu la milimita 12, presha ikitoka kilo 1 hadi kilo 3, usawa wa kufungia hupanda kama sentimita moja na nusu; kwa tundu dogo la milimita 6, hata nusu sentimita haifiki. Basi boya lililopimwa alasiri, mtaa mzima ukiwa unachota na bomba likitoa kamba nyembamba, litafunga vizuri mbele ya macho ya kila mtu, kisha usiku wa manane litaruhusu maji yafike kwenye bomba la kufurikia. Asubuhi atalaumiwa fundi, au watalaumiwa watengenezaji. Kosa ni la saa ya kupimia. Boya hupimwa wakati maji yana nguvu, na kama haiwezekani, huachiwa nafasi ya sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba la kufurikia.

Nafasi hiyo isizidi, na hapa upande wa pili una hoja yenye uzito. Watu husema boya linapunguza kasi ya maji, na wakati wa mgao kila dakika ni ndoo. Ni kweli. Koki ya boya haifungi kwa ghafla kama mlango. Inaanza kujibana mapema, kadiri boya linavyonyanyuka, hivyo sentimita za mwisho hujaa polepole mno. Mwenye tanki akiona hivyo huling'oa boya, au hulifunga kwa kamba lisinyanyuke. Lakini dawa ya tatizo hilo imo katika kurekebisha. Mahali penye presha ndogo chagua koki yenye tundu pana. Penye presha kubwa, tundu dogo litapitisha maji ya kutosha. Kisha usilishushe boya kuliko inavyohitajika. Tanki lenye kipenyo cha mita moja hubeba karibu lita 8 katika kila sentimita ya kimo chake. Boya lililoshushwa sentimita 10 bila sababu linamnyima mwenye nyumba ndoo nne za lita 20 kila mgao, na hatazijua kamwe, kwa kuwa kitu ambacho hakikuingia hakiachi tope mlangoni. Hasara ya boya lililo chini ni ya kimya, na ya boya lililo juu ina kelele. Pengine ndiyo sababu watu huzungumzia ile ya pili tu.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Boya la zamani lenye mkono wa shaba hurekebishwa kwa kuukunja mkono: ukiinamishwa chini, maji hufunga mapema, ukiinuliwa, hufunga juu zaidi. Mkono ushikwe kwa mikono miwili, mmoja ukizuia upande wa koki, la sivyo nguvu yote huishia kwenye egemeo na kulivunja. Aina nyingi za plastiki zina skrubu karibu na egemeo, au kishikio kinachotelezesha boya juu na chini kwenye kijiti chake, na nusu zamu ya skrubu yaweza kutosha. Kuna kipimo kingine ambacho hakihusu kufurika: mdomo wa bomba la kuingiza maji uwe juu ya bomba la kufurikia, usizame kamwe. Mgao unapokatika, mabomba ya mtaa hubaki matupu, na bomba tupu lililo bondeni hunyonya. Mdomo uliozama ndani ya tanki unaweza kurudisha maji yako kwenye bomba la wote, pamoja na chochote kilichokuwa kikielea humo.

Wapo pia wanaosema kwamba maji yanayomwagika hayapotei, yananywesha mchicha na mgomba wa uani. Kama maji yangekuwa ya mvua, hoja ingesimama. Haya yamepita kwenye mita, na kabla ya mita yamepita kwenye pampu iliyoyainua kwa gharama. Jambo jingine ni sura ya nchi. Mji wa Lindi unaanzia ufukweni na kupanda kuelekea vilimani, na nyumba za chini hupata maji mapema na kwa presha kubwa kuliko za juu. Mgao ukiwa wa saa chache, kiasi kilichoingizwa bombani ni kimoja kwa wote. Kila tanki la bondeni linalofurika usiku linashusha presha, na wa mlimani anafungua koki yake na kusikia upepo. Mchicha wa mmoja unanyweshwa kwa ndoo ya mwingine, hata kama hakuna aliyekusudia.

Udhaifu halisi wa kifaa hiki uko kwingine: kikiharibika, huharibika kikiwa wazi. Boya likipasuka linaingia maji na kuzama, na koki inabaki imeachama. Mpira ukichakaa hauzibi. Na pwani hii ina adui wake maalumu, chokaa. Ardhi ya Kilwa na sehemu kubwa ya mwambao imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vinavyochimbwa humo huyeyusha chokaa na kutembea nayo. Chokaa ile ile ambayo wajenzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani waliipata kwa kuchoma matumbawe, ikafunga mawe yao kwa karne nyingi, huganda punje kwa punje kwenye tundu la koki mpaka mpira ushindwe kulalia. Tone moja kila sekunde ni kama lita nne kwa siku, jambo dogo; lakini ufa huo ukipanuka hadi kuwa kamba ya maji ya lita moja kwa dakika, ni lita 1,440, karibu yuniti moja na nusu kwa kila siku ambayo bomba halikukatika. Siki au maji ya ndimu huila chokaa hiyo. Lowesha koki kwa muda, sugua kwa mswaki wa zamani, badilisha mpira. Kwa sababu ya udhaifu huu wa kuachama, bomba la kufurikia lielekezwe mahali panapoonekana, karibu na mlango au dirisha la jikoni, ili lishitaki. Likifichwa nyuma ya nyumba, shahidi amefungwa mdomo.

Bomba hilo lahitaji pia wavu mdomoni, na kusini mwa Tanzania sababu yake ina historia. Mwaka 1952 homa ya kukunja viungo ilizuka katika nyanda za juu za Makonde, kusini ya Lindi, na neno la Kimakonde la kujikunja kwa maumivu likawa jina la ugonjwa huo dunia nzima: chikungunya. Mbu anayeueneza majumbani, Aedes aegypti, hataki dimbwi chafu. Anataka maji yaliyotulia katika chombo cha nyumbani, mtungi, pipa, au tanki lenye mfuniko uliopasuka. Nyanda zile zina shida ya maji, na penye shida ya maji ndipo watu huyaweka akiba ndani. Boya halimfukuzi mbu, lakini mafundi wengine hulitoboa tanki tundu pana kuliko bomba la koki na kuacha pengo pembeni, na pengo la kidole linamtosha kuingia.

Wenye uwezo hupendekeza swichi ya umeme inayowasha na kuzima pampu. Kwa tanki linalojazwa na pampu kutoka kisimani, ndiyo njia sahihi, maana koki ya boya ikifunga huku pampu inasukuma, mota ndiyo inayoumia. Kwa maji ya bomba la mtaa, swichi na koki yake ya umeme hutegemea vitu viwili vije kwa pamoja, na umeme na maji havikuapishana. Boya linafanya uamuzi bila waya. Wazo lenyewe ni kongwe: Ktesibios wa Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia kielea kuweka sawa maji ya saa yake, na katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, walieleza koki za vielea katika kitabu chao cha vifaa vya ajabu, karne kadhaa kabla birika la Husuni Kubwa halijachimbwa. Mwaka 1765 Ivan Polzunov wa Urusi alikitumia kielea kulinda usawa wa maji katika birika la mashine ya mvuke. Wahandisi wa leo wanaiita kanuni hiyo udhibiti kwa mrejesho, na ndiyo iliyomo ndani ya friji na ndege.

Tofauti ni kwamba friji haitengenezwi kwa kipande cha mpira wa tairi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam katika eneo la Kilwa, vipuri havikupita, lakini mpira wa koki ya boya hukatwa kwa wembe kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Boya lenyewe hupimwa bila chombo chochote. Lifungue kwenye mkono wake, likaushe, ulitikise karibu na sikio. Likiwa zima, halisemi kitu.