Malaria na chuma: Kwa nini 'dawa ya kuongeza damu' inaweza kusubiri

Katika maduka ya dawa ya Wandegeya, mwendo mfupi kutoka Hospitali ya Mulago jijini Kampala, ombi moja limezoeleka. Mzazi ambaye mtoto wake amepatikana na malaria hununua dawa ya malaria, kisha huongeza: "Na ile ya kuongeza damu." Hupewa chupa ya dawa ya maji yenye madini ya chuma, akaondoka akiamini kwamba amemaliza mambo mawili kwa safari moja.

Imani hiyo ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 53 ya watoto wa Uganda wenye umri wa kati ya miezi 6 na 59 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na chembe mpya haziwezi kutengenezwa bila chuma. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 watafiti katika ukanda huu wamekuwa wakiuliza swali lisilo la starehe: chuma kikitolewa wakati vimelea bado vimo mwilini, anayenufaika kwanza ni mtoto au ni kimelea?

Madini yanayogombaniwa

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 za chuma, uzito wa msumari mdogo. Karibu theluthi mbili zimo ndani ya hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni. Lakini binadamu si kiumbe pekee anayekihitaji. Takriban bakteria wote wanaotuambukiza, pamoja na kimelea cha malaria, hawawezi kuzaliana bila chuma. Baadhi ya bakteria hutengeneza molekuli ndogo ziitwazo siderofori, ambazo hutumwa nje kama ndoana, zikanasa chuma na kukirudisha kwa mwenyewe.

Mwili nao haukulala. Ndani ya damu, chuma hakiachwi kikizurura. Hubebwa na protini iitwayo transferini. Katika maziwa ya mama, machozi na mate kuna laktoferini, inayokishika kwa nguvu zaidi. Juu ya hizo kuna homoni inayotoka kwenye ini, hepsidini, ambayo wanasayansi waliitambua mwanzoni mwa karne hii. Maambukizi yanapoingia, hepsidini hupanda. Utumbo huacha kupokea chuma kutoka kwenye chakula au dawa, na chuma kilichohifadhiwa ndani ya seli huzuiwa kutoka.

Ni kama wafanyabiashara wa Kikuubo wanavyoshusha milango ya maduka fujo zinapoanza. Bidhaa zimo ndani, ila hakuna anayehudumiwa, awe mteja au mwizi. Ndiyo maana kipimo cha chuma katika damu ya mtoto mwenye homa kinaweza kuwa cha chini sana ilhali akiba ipo, imefungiwa tu.

Hapa lugha yetu yenyewe hutupotosha kidogo. Kwa Kiswahili twasema "dawa ya kuongeza damu", kwa Kiganda "eddagala eryongera omusaayi", na msikilizaji huona damu tayari imo chupani. Sivyo. Kilichomo ni malighafi, na kiwanda kikiwa kimefungwa malighafi hurundikana mlangoni. Nakiri kwamba katika tafsiri zangu za habari za afya nami hutumia usemi huohuo, maana ukisema "nyongeza ya madini ya chuma" nusu ya wasikilizaji wamekwisha kukuacha.

Onyo kutoka Pemba

Dalili za mapema zilitoka Pembe ya Afrika. Mwaka 1978 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wafugaji Wasomali wenye upungufu wa chuma. Watu 71 walipewa chuma, na 67 wakapewa vidonge vitupu. Katika kundi la kwanza yalitokea maambukizi 36. Katika la pili, saba. Malaria na kifua kikuu vilikuwa miongoni mwake. Idadi ya watu ilikuwa ndogo mno kutikisa sera za dunia, na chuma kiliendelea kupendekezwa kwa watoto wote wa nchi maskini.

Kilichotikisa sera ni kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Kuanzia Januari 2002, maelfu ya watoto wa chini ya miaka mitatu walipewa kila siku chuma pamoja na asidi ya foliki, na wenzao wakapewa dawa isiyo na chuma. Wakati huo malaria ilikuwa ikienea Pemba mwaka mzima. Agosti 2003, kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama ilisimamisha utoaji wa chuma kabla ya muda uliopangwa. Watoto waliokipata walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006.

Mambo mawili huachwa nje mara nyingi kisa cha Pemba kinaposimuliwa, na bila hayo mtu hutoka na fundisho lisilo sahihi. Kwanza, utafiti wa aina hiyohiyo ulifanywa wakati huohuo nchini Nepal, katika eneo lisilo na malaria, na madhara hayo hayakuonekana. Pili, huko Pemba kwenyewe kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu, wakafuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema. Miongoni mwao, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Hatari, basi, ilikuwa katika chuma kutolewa kwa kila mtoto bila kupima, mahali ambapo malaria haidhibitiwi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 umejengwa juu ya hoja hiyo: katika maeneo yenye malaria, chuma kwa watoto kitolewe sambamba na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu malaria.

Jaribio la Kampala

Lilibaki swali la muda. Mtoto aliyepatikana na malaria na upungufu wa chuma kwa pamoja, aanze chuma lini? Sarah Cusick wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na wenzake wa Makerere akiwemo Robert Opoka, walilichunguza hapa Kampala na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Watoto wote walitibiwa malaria. Nusu walianza chuma papo hapo, nusu wakasubiri siku 28.

Watafiti walitumia chuma chenye alama maalumu, ambacho mkondo wake mwilini huweza kufuatwa. Watoto waliosubiri waliingiza katika chembe nyekundu sehemu kubwa zaidi ya dozi yao ya kwanza, takriban mara mbili ya wenzao. Na ilipofika siku ya 56, hemoglobini ya makundi yote mawili ilikuwa karibu sawa. Kwa maneno mengine, kusubiri hakukuwapunguzia watoto damu. Kwa waliowahi, sehemu kubwa ya dozi hiyo ya kwanza haikuifikia damu.

Je, adui anyimwe chuma kabisa?

Kama vimelea huhitaji chuma, mtu huweza kuwaza kukinyang'anya. Wazo hilo lilijaribiwa kwa watoto wa Zambia waliopoteza fahamu kutokana na malaria kali ya ubongo. Walipewa deferoksamini, dawa inayonasa chuma na kukitoa mwilini, juu ya matibabu ya kawaida. Jaribio la kwanza, la mwaka 1992, lilileta matumaini: watoto walizinduka mapema zaidi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1998 liliyazima. Kati ya watoto 175 waliopata dawa hiyo walifariki 32, na kati ya 177 waliopata dawa tupu walifariki 19. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kuwa dawa iliua, lakini ilitosha kuonyesha kuwa haikuokoa.

Kazi halisi ya dawa hizi ni nyingine, nayo inawahusu Waganda wengi. Mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara hupokea zaidi ya miligramu 200 za chuma katika kila chupa, na mwili wa binadamu hauna njia ya kutupa ziada hiyo. Chuma hujikusanya kwenye ini na moyo. Hapo deferoksamini, au dawa mpya zaidi za kumeza, huokoa maisha.

Ila kuna mtego. Deferoksamini yenyewe asili yake ni siderofori ya bakteria wa udongoni, na baadhi ya vijidudu vimejifunza kuitumia kama mtumbwi wa kujisafirishia chuma. Ukungu uitwao Rhizopus ni mmojawapo, na bakteria wa tumbo aitwaye Yersinia ni mwingine. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayetumia dawa ya kunasa chuma akipata homa au kuharisha na maumivu makali ya tumbo, humwona daktari siku hiyohiyo. Wataalamu wa Japani wameugeuza ujanja huo dhidi ya bakteria: sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni kiuavijasumu kilichofungwa kwenye ndoana ya chuma. Bakteria hukivuta ndani mwenyewe, akidhani ni riziki.

Wajawazito na watoto wenye homa

Hakuna lolote kati ya haya linalomruhusu mjamzito kutupa vidonge anavyopewa kliniki. Huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, utafiti wa wanawake 470 uliochapishwa mwaka 2015 haukuona ongezeko la malaria kwa waliomeza chuma, na watoto wao walizaliwa na uzito uliozidi kwa takriban gramu 150. Vidonge hivyo hufanya kazi vizuri zaidi visipomezwa kwa chai, kwani chai hupunguza chuma kinachofyonzwa.

Kwa mtoto mwenye homa, utaratibu ni kupima malaria, kuitibu hadi dozi iishe, kisha kumuuliza mhudumu wa afya chuma kianze lini. Mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, anayehema haraka au aliyelegea hahitaji chupa ya duka la dawa wala subira ya siku 28. Anahitaji kuongezewa damu hospitalini, usiku huohuo ikibidi.